Wanafunzi wanaenda Ujerumani semista moja, niwaandae vipi?

MwalimuKsm:
Wadau hamjambo. Nafunza chuo kimoja hapa Kisumu na idara imenikabidhi wanafunzi wanne wanaoenda Ujerumani mwezi wa tisa kwa semista moja, ufadhili ni wa Erasmus+, ule mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi. Wako mwaka wa tatu, wawili hawajawahi hata kupanda ndege. Saa hii stori yao yote ni jaketi na buti, na baridi najua ipo, lakini naona kuna mambo makubwa tunayaruka. Mliowahi kwenda ama kupeleka watoto, nianze na nini?

Nafula_Magharibi:
Habari mwalimu. Jaketi watapata soko la Kibuye Jumapili, mitumba mizuri kabisa, hiyo isikusumbue. Anza na yuniti!! Ule mkataba wa masomo unasainiwa na watu watatu, mwanafunzi, chuo chenu na chuo cha kule, na usainiwe KABLA hawajaondoka, ndani iandikwe wazi yuniti gani ya kule inachukua nafasi ya gani ya huku. Kule semista nzima huwa krediti 30 na krediti moja ni kama saa 25 hadi 30 za kazi ukihesabu na kusoma peke yako, kwa hivyo mtu asijaze masomo akiona darasani ni saa mbili tu kwa wiki. Mwenzangu tulioenda naye alipita vizuri sana, kurudi akaambiwa hizi yuniti hatuzitambui, akarudia semista na darasa lake likagraduate likamwacha. Iliniuma sana. Mwanafunzi peke yake atazungushwa ofisi hadi ofisi, wewe mwalimu ndiye unaweza kukaa na mkuu wa idara mpaka asaini. Na wakifika kule wapate kozi imebadilika, mabadiliko yaandikwe na yasainiwe pia, wasikubali ya mdomo.

MzaziNakuru:
Nafula amesema kweli tupu. Mimi naongeza pesa, kijana wangu alienda. Kwanza semista haitoshei kwa ile visa ya Schengen ya siku 90, ya kutembelea Ulaya kwa muda mfupi, wanaomba visa ya kitaifa ubalozini Nairobi, kwa hivyo pasipoti zianze kushughulikiwa sasa hivi, Kisumu kuna ofisi. Wasio na ufadhili hufungua akaunti inayofungiwa pesa ya matumizi, unatoa kiasi tu kila mwezi, hesabu ni euro 992 kwa kila mwezi, lakini wanafunzi wako watumie barua ya ufadhili, ioneshe kiasi na miezi. Shida ni kwamba pesa ya ufadhili inaweza kuchelewa na mwenye nyumba anataka dipoziti siku ya kwanza. Wazazi waambiwe hivyo mapema wajipange, wasipigiwe simu usiku mtoto akiwa stesheni. Halafu wakishahamia kwa rumu wana wiki mbili za kujiandikisha kwa ofisi ya mji, waombe mwenye nyumba ile barua ya kuthibitisha wanakaa kwake siku hiyohiyo. Laini za huku pia ziwashwe kupokea mesej nje, namba za siri za benki huja huko.

MwalimuKsm:
Mungu awabariki, sikuwa nafikiria dipoziti kabisa. Mama ya mmoja anataka kumpakia nyama kavu na mursik, yale maziwa ya mgando, inaingia?

Jepchumba_Eld:
Haiingii mwalimu, nyama na maziwa kutoka huku wanakataza Ulaya yote, watamnyang'anya eapoti. Omena sawa, samaki ni hadi kilo 20, unga wa wimbi pia beba. Na wasifike Jumamosi usiku tafadhali, Jumapili maduka karibu yote yamefungwa na mtu atalala njaa kwa mji asiojua.

Kitu kingine watu hawasemi ni giza. Desemba mji kama Berlin jua linazama kabla ya saa kumi jioni, asubuhi linachomoza saa mbili na zaidi. Mtoto amezoea jua la Kisumu na kelele za hosteli, sasa anakaa rumu peke yake na hakuna mtu anabisha. Wengi huacha kwenda darasani hapo, na nyumbani anasema tu niko sawa. Mpange nao siku moja kila wiki ya kupigiana simu ya video wote wanne na wewe, muwe mnaonana sura, na wajiunge na kanisa ama timu ya mpira wiki ya kwanza kabla baridi haijawafungia ndani. Tofauti ya saa ni mbili tu wakati huo, hakuna kisingizio.

MwalimuKsm:
Nimeelewa. Mkuu wa idara namuona Jumatano na hizo fomu nne, wazazi nawaita wiki ijayo. Nafula kama uko tayari kuongea na hawa watoto nitumie inbox, nauli ya kuja Kisumu niachie mimi.