Mnataka tulipie kuingia kisiwani? Basi tuonyesheni mlango mwingine!

Jamani wana Mombasa, leo imenifika hapa kooni, na nisipoitoa sitalala.

Jana jioni tumekaa barazani kwetu Kisauni, kahawa chungu inazunguka, ami yangu akaanza hadithi zake za London. Ami alifanya kazi huko miaka mingi, na kila kinachotusumbua hapa yeye ana dawa yake kutoka huko. Ya jana ilikuwa dawa ya foleni. "Wenye magari walipe kuingia kisiwani. Kamera Nyali, kamera Makupa, utaona njia itakavyofunguka." Na watu wazima wakaitikia! Mmoja akasema shilingi mia mbili yatosha, mwenzake akapandisha hadi mia tano, utadhani mnada wa mbuzi. Wote wawili hawana hata baiskeli.

Mimi gari ninalo. Ni Probox kuukuu, mlango wa nyuma naufunga kwa kamba, na kazi yake ni kubeba mboga. Saa kumi na mbili na robo asubuhi natoka soko la Kongowea na masanduku kumi na mawili ya nyanya, magunia mawili ya mchicha, biringani, na dania juu kabisa ili isibanwe. Nikifika Kengeleni nimeshakwama. Nazima injini, nawasha, nasogea urefu wa tuktuk moja, nazima tena. Jua linapanda upande wangu wa kushoto, kioo hakishuki. Saa yangu ni ile dania. Nikifika Mwembe Tayari bado imesimama, nauza bei ya asubuhi. Ikishalala, mwenye mkahawa huishika kwa vidole viwili kama mkia wa panya na kuniuliza, "Hii ni ya jana, siyo?" Wiki iliyopita masanduku mawili ya chini yalifika yanavuja, maji ya nyanya yanachuruzika mpaka kwenye bamba la namba.

Sasa mtu kama mimi ndiye wa kutozwa, kana kwamba anapenda kukaa kwenye foleni?

Na msiseme hatulipi. Kila lita ya petroli ninayotia ina shilingi 25 za ushuru wa kutunza barabara. Zilikuwa 18 mpaka Julai 2024. Zile 7 zilizoongezwa ndizo zilizowekwa rehani ili makandarasi walipwe madeni yao ya zamani. Injini inapokunywa mafuta pale darajani bila kusogea, ushuru nao unapanda. Nikishavuka, pakingi ya kaunti inanisubiri. Na jamaa zetu wa Likoni wanalipia gari kwenye feri kabla ya kuona hilo lango lenu la kamera. Mtu huyo atalipa mara mbili kuja kazini? Mtamwambia apite Dongo Kundu, azunguke mpaka Miritini, halafu aingie Makupa, alipie huko huko.

Nilimuuliza ami: London walianza vipi? Hapo akaanza kukohoa. Maana nami nimesoma kidogo. London walianza Februari 2003 kwa pauni 5 kwa siku, na walipoanza waliongeza mabasi kama 300 barabarani. Treni za chini ya ardhi wanazo tangu 1863. Aliyeona pauni 5 zinamuuma aliacha gari nyumbani akashuka ngazi, akapanda treni. Stockholm ndio kabisa: waliongeza karibu mabasi 200 kwanza, wakafanya majaribio kuanzia Januari mpaka Julai 2006, wakasitisha, kisha Septemba wakawaendea wenye mji na karatasi za kura wakawauliza, je, tuendelee? Ndio ikapita kwa mwanya mdogo, ada ikarudi 2007. Na sikatai, magari yalipungua, karibu moja katika kila matano. Dawa inafanya kazi. Lakini mgonjwa aliulizwa, na kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Sisi kitanda chetu kiko wapi? Basi gani la kaunti linatoka Mtopanga saa kumi na mbili? Kuna matatu, na matatu mnazijua. Mvua ikidondoka matone matatu tu, nauli ya hamsini imeshakuwa mia. Mkizitoza nazo, manamba atakaa nalo deni hilo? Litashuka kwa abiria asubuhi hiyo hiyo, kwa mama anayekwenda kufua nguo za watu Kizingo, ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake. Mkizisamehe, kama London wanavyosamehe mabasi yao, hapo nitakuwa pamoja nanyi. Lakini barazani hakuna aliyelitaja hilo, wote walikuwa wanahesabu pesa.

Mtu akanitolea mfano wa Nairobi. Ati mbona ile barabara ya juu watu wanalipia na wamenyamaza? Ndugu yangu, Expressway ni hiari. Huna pesa, unapita barabara ya chini bure, utachelewa lakini utafika. Hebu nambie, chini ya daraja la Nyali kuna nini? Chini ni bahari! Kisiwa hiki kwa gari kina Nyali, kina Makupa, kina Kipevu, kina feri ya Likoni, basi. Ukiweka kamera kwenye milango yote umeufunga mji, na anayelipa hajachagua chochote. Wazee wetu wanakumbuka daraja la zamani la Nyali, lile la kuelea, lililokuwa likilipiwa kuvuka. Hili la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980 tukadhani mambo hayo yamekwisha.

Halafu kuna hili linaloniuma kuliko yote. Mia tano ni mia tano kwa nani? Kila asubuhi pembeni yangu linasimama gari kubwa jeusi, vioo vimefungwa, kipupwe kinapuliza, ndani mtu mmoja na simu yake. Viti saba, mtu mmoja. Kwake mia tano ni chenji ya kahawa. Kwangu ni faida ya sanduku zima la nyanya. Mbele ya kamera sote tutalipa sawa, na watu wataita hiyo haki kwa sababu kiwango ni kimoja.

Singapore walikuwa wa kwanza duniani kutoza, mwaka 1975, na mwanzoni walikuwa na akili moja nzuri sana: gari lenye watu wanne au zaidi lilipita bure. Walikuwa wanatoza viti vitupu! Hiyo naielewa. Nipe sheria hiyo kesho, nitapakia majirani watatu mbele na nyuma, wakae na biringani mapajani. New York nao, walipoanza Januari 2025 kwa dola 9, waliweka kipengele kwamba mtu wa kipato cha chini akishajiandikisha na kuingia mara kumi katika mwezi, zinazobaki analipa nusu. Nusu! Hapa mtu akileta wazo kama hilo ataambiwa analeta siasa.

Na msamaha ukija, mnajua utawaangukia nani. Mnadhani misafara yenye ving'ora italipa? Magari ya serikali? Huko huko London kwenye utaratibu, ubalozi wa Marekani umekataa kulipa miaka na miaka, unasema hiyo ni kodi na mabalozi hawatozwi kodi. Deni lao lilishapita pauni milioni 14. Milioni kumi na nne, na hakuna aliyewafungia gurudumu! Mimi nikichelewesha pakingi nusu saa pale karibu na Marikiti, nakuta chuma cha manjano kwenye tairi na kijana amesimama kando anapiga mluzi.

Tena bei hizi zikipanda hazijui kushuka. Zile pauni 5 za 2003 zilikuwa 15 mwaka 2020, na mwaka 2026 zimefika 18. Ami mwenyewe alipoisikia hiyo 18 aliweka kikombe chini.

Sisemi foleni iachwe. Foleni ni balaa, nimeieleza hapo juu na nyanya zangu ni mashahidi. Ninachosema, anza na mambo ambayo hayahitaji kamera. Ondoa matatu zinazopakia katikati ya njia pale Kengeleni. Ondoa vizuizi vya barabarani saa moja asubuhi, ambavyo sote tunajua vinakagua nini. Leta mabasi, mengi, yenye ratiba, yakimbie mwaka mzima tuyaone kwa macho. Pesa za ada, kama lazima ziwepo, ziandikwe kwenye sheria zinakwenda wapi kabla sijatoa shilingi ya kwanza. Halafu tupige kura. Nikishindwa kwa kura nitalipa, tena bila kununa.

NYONGEZA: Naona kuna ndugu hapo chini ameandika, "Si uuze hilo gari upande matatu kama sisi." Kaka, nilishajaribu. Mwezi uliopita Probox ilikuwa gereji siku tatu. Siku ya kwanza nikasimama stejini na masanduku manne tu na gunia la mchicha. Matatu mbili zikanikimbia. Ya tatu manamba akakubali, akanitoza nauli ya mtu kwa kila sanduku, dania akaiweka juu ya kifuniko cha injini, na abiria mmoja aliyevaa suti akaketi juu ya gunia la mchicha mpaka Buxton, anasoma gazeti. Siku ya pili sikwenda kazini.