Tupeane uzoefu: studio au sebuleni?

Mwalimu wa Kwaya, Kadutu
Mvua ya jana juu ya mabati imenikumbusha siku tulipojaribu kurekodi wimbo wa kwaya sebuleni kwangu, na moyo umeniuma upya. Tulikuwa waimbaji 14 mbele ya mikro moja ya kuazima, tumetundika mablanketi madirishani, na watoto tumewapeleka kwa jirani. Umeme ulipokatika tuliwasha jenereta uani tukaendelea. Tulipousikiliza wimbo jioni tukagundua kwamba besi iliyosikika vizuri kuliko zote ilikuwa ya jenereta. Sasa tunataka kurudia, na wazee wa kanisa wananiuliza fedha za studio ni za nini ilhali kompyuta tunayo. Nisaidieni majibu.

Mpiga gita, Nguba
Sebule ya saruji ni mtungi, Mwalimu. Ukikohoa, unakuitikia.

Sauti ya Kwanza
Kwetu kosa halikuwa chumba. Kijana aliyeshika kompyuta alipandisha sauti mpaka taa nyekundu ikawaka, akaamini kwamba ndiyo nguvu ya wimbo, na kila tulipofika kwenye kiitikio sauti zetu zikapasuka. Tulimpelekea fundi wa studio atutengenezee, naye akatueleza kwa upole kwamba kilele cha sauti kikishakatwa wakati wa kurekodi, hakuna mashine itakayokirudisha kama kilivyokuwa. Tuliimba upya nyimbo zote. Studioni alituachia nafasi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 6 chini ya kikomo cha taa nyekundu, na kila tulipokosea alisema neno moja tu: “Rudieni.” Nyumbani nani angethubutu kumwambia mama mchungaji arudie?

Mjukuu wa Katanga
Mnapenda gharama. Mpiga gita Mwenda wa Bayeke alirekodiwa na Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, bila studio yoyote, na hadi sasa wapiga gita wanamsikiliza wajifunze.

Mpiga gita, Nguba
Mwenda alikuwa mtu mmoja na gita moja, ndugu yangu, na Tracey alikuwa fundi aliyesafiri na mashine yake na kujua mikro inawekwa wapi. Wewe unalinganisha na waimbaji 14 na jenereta.

Mjukuu wa Katanga
Niambie basi studio inakulipa kiasi gani, kaka.

Baba Mapacha, Ibanda
Mtagombana baadaye. Mimi nilimpeleka marehemu Papa studioni alipokuwa na miaka 71, aimbe wimbo aliokuwa akituimbia tukiwa wadogo. Alikataa kuvua kofia, kwa hiyo vipokea sauti vilivaliwa juu yake, na mara mbili za kwanza aliimba kwa woga kama mtu anayehojiwa na polisi. Mara ya tatu alifumba macho, akaimba hivi kwamba fundi mwenyewe alisahau kusimamisha mashine. Nililipa, nikapewa nakala ya MP3 kwa WhatsApp, nikaridhika. Papa alifariki kabla mwaka haujaisha. Niliporudi kuomba rekodi yenyewe niitengeneze kwa ajili ya matanga, niliambiwa diski imekufa na hakukuwa na nakala nyingine, na ile ya WhatsApp ilikuwa imepotea pamoja na simu yangu. Kilichobaki ni mazoezi niliyomrekodi kwa simu ya mke wangu, jikoni, na jogoo anawika katikati ya ubeti wa pili. Matangani tulipiga hiyo.

Sauti ya Kwanza
Pole sana, Baba Mapacha. Jogoo huyo asifutwe kamwe.

Mjukuu wa Katanga
Mnaona? Jikoni!

Mpiga gita, Nguba
Jikoni ni bahati tu. Mwalimu, nenda na diski yako mwenyewe, na kabla hujamaliza kulipa dai kila sauti peke yake katika faili za WAV za biti 24, yaani rekodi kamili isiyobanwa kama MP3, kisha ufungue moja baada ya nyingine pale pale. Baadhi ya mafundi watanuna. Wacha wanune.

Mlala Macho, Panzi
Au mrekodi nyumbani saa nane usiku, mji ukiwa umetulia.

Sauti ya Kwanza
Saa nane usiku mbwa wa Panzi ndio wanaanza kwaya yao. Fanyeni mazoezi ya mwezi mzima nyumbani, mjirekodi kwa simu ili mjue mnakosea wapi, kisha mwingie studioni siku moja, kwa sababu ukilipia saa, kila “rudieni” ni fedha.

Mwalimu wa Kwaya, Kadutu
Nimewasomea wazee haya yote, na mmoja wao ameuliza swali moja tu: hiyo studio imeezekwa mabati? Nimepiga simu, ipo chini ya ghorofa na juu yake ni zege. Tunaingia Jumamosi saa mbili asubuhi, waimbaji wanane badala ya 14, na sita walioachwa hawanisalimii tangu jana. Nani ana diski ya kuniazima?