Yah: Siku 30 za bima ya mafuriko

Mama Z., Houston:
Ndugu zangu, salaam. Ramani mpya imeiingiza nyumba yetu katika eneo la mafuriko, na benki iliyotukopesha inataka tukate bima ya NFIP, mpango wa serikali ya Marekani wa bima ya mafuriko, mara moja. Wakala anasema bima hiyo huanza kufanya kazi baada ya siku 30, ilhali msimu wa vimbunga umekwisha kuanza. Je, siku hizo zinatuhusu hata sisi tuliolazimishwa na benki?

Mzee wa Tampa:
Binti yangu, kata bima kwanza, LOMA, ile barua ya kuitoa nyumba katika eneo la mafuriko, utaiomba baadaye. Mimi nilinunua nyumba mwaka 1993 bila bima, kwa kuwa Atlantiki ilikuwa katika kipindi chake cha ubaridi na utulivu ule ulinidanganya. Mwaka 1995 bahari ikageuka kuwa ya joto, na mwaka 2004 vimbunga vinne vikalipiga jimbo letu la Florida katika msimu mmoja. Hata hivyo, AMO, yaani kupishana huko kwa joto na ubaridi wa Atlantiki, huzunguka kwa miaka 60 hivi, kwa hiyo ubaridi utarudi.

Dada wa Minneapolis:
Shikamoo, Mzee, ila hapo sikubaliani nawe. Michael Mann, mwanasayansi wa tabianchi aliyeliita badiliko hilo AMO mwaka 2000, mwenyewe amekwisha kulikana: yeye na wenzake wameonyesha kwamba kupanda na kushuka huko kulitokana zaidi na milipuko ya volkano na, katika karne ya 20, na moshi wa viwanda. Anayengoja mzunguko umpunguzie malipo ya bima atangoja sana.

Mzee wa Tampa:
Marahaba. Basi vimbunga hivyo ni vya El Niño, lile joto la Bahari ya Pasifiki.

Baba K., Leeds:
El Niño hurejea kila baada ya miaka 2 hadi 7, Mzee, na huko kwenu huvidhoofisha vimbunga, kwa sababu pepo za juu huvivunja kabla havijakomaa. Ni kwetu Afrika Mashariki ndiko huzidisha vuli. Mwaka 1997 nilikuwa Mombasa maji yalipofika kitandani, na hakuna aliyenidai cheti cha mwinuko, ile karatasi ya bima inayoonyesha kimo cha nyumba. Majirani walileta uji. Tena haikuwa El Niño peke yake, kwani upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko upande wa Sumatra, kama ilivyotokea tena mwaka 2019. Uji ule sijauonja tena hapa.

Mama Z., Houston:
Nawashukuru nyote. Wakala hufunga ofisi saa kumi na moja; kuna anayejua habari ya siku 30?