Baba mkwe ananiita "ninyi wawili" na niko peke yangu. Nimjibuje?

Mkwe Mgeni:
Wakuu, naomba ushauri. Nimeoa Msantali, wa kabila la Wasantali wa India, tulikutana nikisoma huko. Kwao ni jimbo la Jharkhand, upande wa Dumka. Tulipokwenda mara ya kwanza baada ya ndoa, shemeji yangu mdogo alituletea maji kwenye lota, kile kichombo cha shaba chenye shingo, akakiweka mbele yetu na kuinama. Nikajua tumepokelewa.

Kisha baba mkwe akaniuliza habari za safari. Kisantali changu ni cha kuokoteza, ila najua "wewe" ni *am*. Yeye akawa ananiita *aben*, "ninyi wawili". Nikageuka kumtafuta mke wangu, kumbe yuko jikoni. Nikamjibu mzee kwa *am*. Sebule nzima kimya. Mke anasema yamekwisha, lakini roho yangu haijatulia, na Januari tunarudi kwa sikukuu ya Sohrae.

Mama Wawili:
Pole mwanangu. Mzee alikuwa anakuheshimu. Kisantali kina umoja, uwili na wingi: *am* wewe, *aben* ninyi wawili, *ape* kuanzia watatu. Baina ya mkwe na wakweze, adabu ni ule uwili, na unakwenda pande zote. Anakuita *aben*, nawe mwite *aben*, hata akiwa peke yake. Angalia na kiambishi cha "wewe": kile cha *m* kinakuwa *ben*, usije ukabadilisha neno moja ukaacha lingine. Wazazi wako wakikutana na wazazi wa mkeo, wao kwa wao ni *bala*, wataitana *ape*.

Mzee wa Bara:
Mama kamaliza. Naongeza moja: dada mkubwa wa mkeo ni mtu wa kumwepuka kwa heshima. Usimguse, msikae kitanda kimoja. Wadogo wa mkeo ndio watani zako, hao watakuchokoza na wewe wachokoze. Ukifika, inama useme *johar*, ndiyo salamu yao.

Mkwe Mgeni:
Asanteni sana. Niombe radhi rasmi?

Mama Wawili:
Hapana, utamrudisha kwenye jambo alilokwisha kulifunika. Sema *aben*, atasikia mwenyewe.

Mkwe Mgeni:
Mrejesho: jana nimempigia simu. Nimefanya mazoezi na mke wangu siku tatu. Niliposema *aben* alinyamaza kidogo, halafu nikamsikia anamwita mama mkwe aje simuni.