Ushauri: bia ya nyumbani inatoka nyepesi mno, kosa liko wapi?

Mkazi wa Nyegezi

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninapika bia ya kunywa nyumbani, lita 10 kwa mkupuo, kwenye jiko la gesi la plati mbili. Zamani nilitumia unga wa dondoo ya kimea peke yake, lakini sasa nusu ya sukari naitoa mwenyewe kwenye nafaka. Kilo 1.2 za kimea cha shayiri kilichopondwa nazitia katika mfuko wa kitambaa, naziloweka kwa saa moja katika lita 3.6 za maji ya nyuzijoto 66, nazisuuza kwa lita 3 za maji ya moto, kisha naongeza gramu 700 za unga wa dondoo na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), na kuchemsha saa nzima. Harufu ni nzuri na povu lipo, ila mdomoni bia ni kama maji, na haidromita, kile kipimo cha uzito wa bia kutokana na sukari iliyomo, inashuka kutoka 1.050 hadi 1.008. Themometa yangu imepungua nguvu kidogo, maana maji yakichemka inasoma 96, kwa hiyo kila ninachosoma nakiongezea nyuzi 4. Je, niongeze nafaka, au nichanganye na kimea cha ulezi, ambacho hapa sokoni hakisumbui kupatikana?

Babu wa Bwiru

Mleta mada, themometa yako ni nzima. Ziwa letu hapa Mwanza, Viktoria, liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka karibu na nyuzijoto 96. Yangefika 100 ungekuwa Tanga au Dar es Salaam. Ukiiongezea nyuzi 4, unapodhani uko 66 kumbe uko 62, na hapo ndipo bia yako inapokonda. Kimea kina vimeng'enya vya aina mbili vinavyovunja wanga: kimoja hupenda joto la chini, kwenye 60 hadi 65, na hutoa sukari ambayo chachu huila karibu yote, kingine hupenda joto la juu zaidi, na huacha vipande vya wanga ambavyo chachu haiviwezi, ndivyo vinavyoipa bia uzito mdomoni. Soma namba kama ilivyo, lenga 67 au 68, na usiongeze nafaka hata punje moja kabla ya kuonja matokeo.

Dada wa Kirumba

Naunga mkono, na niongeze la jikoni. Usiache sufuria juu ya moto ukiwasha na kuzima, kwa sababu chini itafika 75 wakati juu bado ni 63. Maji yafikishe kama 73 kabla ya kutia kimea, kwani nafaka ya baridi itayashusha yenyewe hadi 67. Koroga madonge yaishe, funika, kisha sufuria yote iingize katika deli lililofungwa vizuri. Mimi natumia deli la samaki, jipya, sharti lisiwe limewahi kubeba sato. Saa ikitimia, dondosha tone la maji ya kimea kwenye kisahani cheupe, ulitie tone la ayodini ya duka la dawa: likigeuka bluu iliyokoza, wanga bado upo, subiri robo saa zaidi. Tone hilo limwage, lisirudi sufuriani.

Kijana wa Igoma

Samahani wakuu, mimi naona tatizo ni joto la kuchachusha. Mchana Mwanza nyuzi 28 ni kawaida, na chachu nyingi za bia zinataka 18 hadi 22.

Babu wa Bwiru

Joto la kuchachusha ni tatizo la kweli, mwanangu, ila dalili zake ni nyingine: harufu ya ndizi mbivu au ya rangi ya kucha, na kichwa kuuma asubuhi. Mleta mada amesema harufu ni nzuri. Hata hivyo ndoo na aikalishe katika beseni la maji, aifunike kwa kitambaa kibichi, na awe anabadilisha chupa za barafu asubuhi na jioni, kwa kuwa chachu ikianza kazi huongeza joto lake yenyewe.

Mkazi wa Nyegezi

Nashukuru sana. Na ulezi je?

Mama Kimea

Ulezi unafaa, mwanangu, lakini usiutupe tu kwenye mfuko pamoja na shayiri. Wanga wa ulezi, kama wa mtama, unahitaji joto kali kuliko wa shayiri ili ulainike, na joto hilo linaua vimeng'enya. Fanya kama watu wa togwa: gramu 300 za unga wa ulezi zipike uji mzito, uache upoe hadi 68, ndipo utie kimea cha shayiri. Utauona ule uji uliokuwa unang'ang'ania mwiko ukilegea na kuwa maji mbele ya macho yako. Punguza shayiri iwe gramu 900, wala usipunguze zaidi, kwa sababu yeye ndiye atakayefanya kazi ya wote wawili. Kimea cha mtama kwa sasa kiache; mizizi na machipukizi yake yana sumu na lazima yapukutishwe yote, na kile cha sokoni hujui nani alikipukutisha.