Babu alitoka Msumbiji, mimi ni Mkenya: wakwe tuwajibu vipi?

Mjukuu wa Mueda:
Shikamooni wakubwa, naomba ushauri. Nimezaliwa Msambweni, Kwale. Marehemu babu ni Mmakonde aliyetoka Mueda, Msumbiji, akaja kukata mkonge, kisha miwa ya Ramisi. Mwaka 2016 wazee wetu walikwenda Nairobi kwa miguu kudai vitambulisho, na 2017 nami nikapata changu. Sasa nimepeleka posa Taita, wajomba wa binti wamegoma: eti mimi mtu wa Msumbiji, nitakuja kumhamisha mtoto wao. Nyumbani nako nyanya anasisitiza nisiikane asili yangu. Na watoto wangu watakuwa raia wa wapi?

Mzee wa Kinango:
Marahaba mwanangu. Usiende kujitetea mwenyewe, posa ina mshenga. Atakayekwenda awaeleze mji wenu uko wapi na wazee wenu wamezikwa wapi. Wanachohofia ni binti kupelekwa mbali. Umakonde ni kisingizio tu.

Mtu wa Newala:
Mie Mmakonde wa Tanzania. Ng'ambo ya Ruvuma nina binamu wenye pasi za Msumbiji. Kimakonde chetu tunaelewana, mapiko, ngoma yetu ya vinyago, yakichezwa tunacheza sote, ila uchaguzi ukifika kila mtu anapiga kura kwao. Nyanya anakuambia ulikotoka, kitambulisho kinasema nchi inayokudai na unayoidai. Hapo sioni ugomvi.

Mama Wakili:
Kabla ya yote, mama yako mzazi ni nani?

Mjukuu wa Mueda:
Mdigo wa hapa hapa Msambweni. Ana kitambulisho tangu kabla sijazaliwa.

Mama Wakili:
Basi mambo yamebadilika! Soma Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010: ikiwa baba au mama alikuwa raia siku uliyozaliwa, wewe ni raia wa kuzaliwa, na hilo linawahusu hata waliozaliwa kabla ya Katiba hiyo. Hukupewa Ukenya 2017, ulizaliwa nao, ulikosa karatasi tu. Peleka Uhamiaji cheti chako cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mama, uulize umeingizwa kama raia wa kuzaliwa au wa kuandikishwa. Usilipuuze hili, maana uraia wa kuandikishwa ni rahisi zaidi kufutwa. Watoto wako watakuwa Wakenya hata wakizaliwa Maputo.

Mtu wa Newala:
Kumbe mama Mdigo! Kwa mila yetu ukoo hufuata mama, na Wadigo wa zamani vivyo hivyo. Wazee wangekuhesabu kwa kina mama yako kwanza. Kwa hiyo una asili mbili na uraia mmoja. Watoto wako wataongeza na Utaita, na wabaki Wakenya vilevile.

Mjukuu wa Mueda:
Asanteni sana. Nimeongea na mjomba, kaka yake mama, amekubali kuwa mshenga. Anakwenda Taita Jumamosi, na nakala ya kitambulisho cha mama anayo.