Kamnyang'anya mama yangu maiki kwa sababu kasema ukweli!

Wakuu, nimetoka kwenye mkutano wa maombezi sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji jina, mnamjua. Yule mtumishi wa suti nyeupe, spika zake zinaamsha maiti mpaka mkoa wa jirani.

Mama yangu mzazi anaumwa goti miaka nenda rudi. Kapandishwa mbele, kawekewa mikono, kasukumwa mpaka wahudumu wakamdaka. Mkongojo ukatupwa huko. Mtumishi akamsogezea maiki: "Mama, waambie, maumivu yako wapi?" Mama akajibu kwa adabu zote, "Bado yapo, baba. Hapa hapa."

Maiki ikanyakuliwa! Ungedhani mama kashika bomu. Kinanda kikapandishwa, mtumishi akafoka, "Huyu hana imani!" Umati mzima, "Ameeen!" Ameni ya nini? Mwanamke aliyezika watoto wawili huku anaimba tenzi ndiye hana imani?

Miujiza siipingi. Mungu anaponya, na Yakobo 5 inasema mgonjwa awaite wazee wamwombee na kumpaka mafuta. Lakini mtume Paulo naye alimwacha mwenzake Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa, na Timotheo akaambiwa anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Nao walinyang'anywa maiki? 1 Yohana 4:1 inatuambia tuzijaribu roho. Mama kaulizwa, kajibu, kanyang'anywa! Na mkongojo hatujauona mpaka sasa!

Mzee wa Kiwira: Mkongojo unatupwa wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unarekodi na simu, usitudanganye.

MamaWawili: Pole sana mkuu, mpe mama pole. Mathayo 10:8, mmepata bure, toeni bure. Huku kwetu hata kumwona mtumishi ana kwa ana kuna bei yake.

Jembe Butu: Endelea kuwasema watiwa mafuta, utakuja kulia humu humu. Goti halijapona kwa sababu ya mdomo wako.

Mleta uzi: Mdomo wangu umeingiaje kwenye goti la mama? Kaulizwa, kajibu!

Chifu wa Kahama: Mmesahau 2011? Samunge, Loliondo, kikombe cha dawa shilingi 500 tu, na aliyekitoa ni mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Dawa haikutumaliza, nauli ndiyo ilitumaliza. Tumelala njiani ndani ya gari, na yule dereva chenji yangu hajarudisha mpaka leo.

Mzee wa Kiwira: Wenye magari mwaka ule walitukamua, acha kabisa. Maji ya kunywa tu njiani bei ya soda mbili.

Jirani Mwema: Nyie mnalilia nauli, mimi kanisa liko ukuta kwa ukuta na chumba cha kulala. Kila Ijumaa mkesha. Nikaenda kushtaki kwa mwenyekiti wa mtaa, kumbe ndiye mpiga kinanda wao!

MamaWawili: Afadhali wenu anapiga kinanda. Wetu barua ya utambulisho tu anataka hela ya soda.

Chifu wa Kahama: Soda? Wetu anataka kreti.